Je, wingi wetu ni dalili ya neema? Jibu kwa mwalimu wa Korogwe

Swali: "Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi huku Korogwe, watoto tisini kwenye chumba kimoja. Juzi nilimsikia mtaalamu redioni akisema dunia haijawahi kuwa na hali nzuri kama sasa: tumeshapita watu bilioni nane, umri wa kuishi umepanda, watoto hawafi ovyo kama zamani. Mimi nikitazama mtaani naona bei zinapaa, vijana hawana kazi, na darasa langu limefurika. Je, takwimu za idadi ya watu zinaweza kweli kutuambia kama binadamu wanaishi vizuri zaidi? Au ni hesabu za wakubwa tu?"

Jibu: Mwalimu, swali lako nimekaa nalo siku kadhaa. Kazi ya takwimu za watu nimeifanya tangu nikiwa kijana wa kubeba madodoso vijijini, na swali hili nimeulizwa mara nyingi, lakini mara chache na mtu mwenye watoto tisini mbele yake. Nitakueleza ninavyoamini. Takwimu za watu zinaweza kupima ustawi, tena sijui kipimo kingine ninachokiamini kuliko hicho. Ila ile ya kwanza aliyoitaja mtaalamu wako, yaani wingi wetu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Iweke pembeni kidogo. Mimi huanza kwa kuuliza watu wanakufa wakiwa na umri gani.

Hiyo bilioni nane Umoja wa Mataifa uliipangia hadi siku yake: tarehe 15 Novemba 2022. Mwaka 1950 tulikuwa bilioni mbili na nusu hivi. Wengi hudhani tumefika hapa kwa kuzaa sana. Sivyo. Mwaka 1950 mwanamke mmoja duniani, kwa wastani, alizaa watoto takribani watano. Leo anazaa wawili na ushei. Tumeongezeka kwa sababu wanaozaliwa wanabaki. Kwa hiyo ndani ya ule wingi kuna habari njema, lakini ukiushika mzima mzima hauoni kitu. Japani idadi ya watu inapungua tangu mwaka 2008 hivi, na watu wake wanaishi wastani wa miaka 84. Niger inaongezeka kwa kasi kuliko karibu nchi zote duniani, nayo ni miongoni mwa zilizo maskini zaidi. Ukichukua wingi kuwa ndiyo neema, itakubidi useme mtoto wa Niamey ana bahati kuliko wa Tokyo. Sisi wenyewe Tanzania tulihesabiwa 44,928,923 mwaka 2012, na 61,741,120 mwaka 2022. Hilo linakwambia madarasa mangapi yanatakiwa kujengwa. Halikwambii watu wanaishije.

Sasa huo umri wa kuishi. Neno lenyewe linapotosha watu, hata waandishi wa habari. Ukisikia kwamba mwaka 1950 wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa miaka 46 hivi, usifikiri watu walikuwa wakifika 46 wanaanguka. Wazee wenye mvi walikuwapo. Chukua nyumba moja iliyopata watoto kumi. Watatu wanafariki wakiwa na mwaka mmoja, saba wanafika miaka 60. Miaka yao yote ukiijumlisha ni 423. Gawa kwa kumi, unapata 42.3. Hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na miaka 42. Ule wastani umebeba makaburi matatu madogo. Sasa waokoe wawili kati ya wale watatu, nao wafike 60, bila kumwongezea mzee yeyote hata siku moja. Wastani unaruka hadi 54.1. Sehemu kubwa ya safari ya dunia kutoka miaka 46 hadi 73 ya mwaka 2019 ilipita njia hiyo, kwa watoto kubaki. Halafu UVIKO-19 ikaja, na kufika 2021 tulikuwa tumerudi 71 hivi, kabla ya kupanda tena. Miaka miwili ya wastani wa dunia nzima kupotea ndani ya muda mfupi namna ile si jambo dogo. Inaonyesha pia kwamba kipimo hiki kinaposhtuka, kinashtuka kweli.

Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua namba moja tu, nachagua vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto hafi kwa sababu moja. Kifo chake kimekusanya maji ya kisima, chakula cha mama alipokuwa mjamzito, chanjo iliyofika au isiyofika, barabara ya kwenda zahanati, nauli ya bodaboda usiku, na kama mama yake alipata kusoma. Waziri anaweza kupamba takwimu za uchumi. Kupamba vifo vya watoto kwa miaka mingi ni kazi ngumu mno. Mwaka 1990 walifariki duniani watoto wapatao milioni 12 na nusu kabla ya kufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa milioni 4.9, na ilikuwa mara ya kwanza idadi kushuka chini ya milioni tano. Bado ni wengi mno, na wengi wao wanakufa kwa vitu ambavyo tiba yake inajulikana. Lakini ni chini ya nusu.

Turudi nyumbani. Utafiti wa afya ya uzazi uliofanyika Tanzania mwaka 1999 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikuwa wakifariki kabla ya miaka mitano. Mwaka 2004–05 wakawa 112. Mwaka 2010, 81. Mwaka 2015–16, 67. Mwaka 2022, 43. Sasa fanya hesabu hii na darasa lako, Mwalimu. Ili upate watoto tisini walio hai kwa kiwango cha 43, lazima wawe wamezaliwa 94 hivi. Hao hao 94, wangezaliwa kwa kiwango cha 1999, wangebaki themanini. Kwa hiyo kati ya watoto tisini waliobanana kwenye madawati yako, kumi hivi wapo kwa sababu miaka hii ishirini na kitu imekwenda ilivyokwenda. Huwezi kuwajua ni nani. Anaweza kuwa yule anayelala mezani, au yule anayekukera kwa kelele. Msongamano unaoulalamikia ni halali kuulalamikia, madarasa yangepaswa kujengwa. Lakini sehemu ya msongamano huo ni watoto ambao zamani tungewazika.

Kuna watu watakwambia kwamba haya ni maendeleo yasiyorudi nyuma. Usiwaamini. Kenya ilirudi nyuma, tena katika enzi yetu. Utafiti wa mwaka 1993 ulikuta vifo 96 kwa kila 1,000, wa 1998 ukakuta 112, wa 2003 ukakuta 115. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, ya hospitali kukosa dawa, ya malaria kuzoea klorokwini. Ndipo ikageuka: 74 mwaka 2008–09, 52 mwaka 2014, 41 mwaka 2022. Botswana ni mfano mkali zaidi. Almasi zilikuwa zinauzwa, pato la taifa linapanda mwaka hadi mwaka, na watu wa benki wanaitaja kama nchi ya kuigwa. Wakati huo huo wastani wa umri wa kuishi, uliokuwa umevuka miaka 60 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa unaporomoka hadi karibu 50. Aliyesoma vitabu vya fedha aliona neema, na aliyesoma daftari la vifo akaona msiba. Mwaka 2002 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo, na umri wa kuishi ukaanza kurudi.

Urusi nayo ina somo lake. Mwaka 1976 kijana mmoja Mfaransa, Emmanuel Todd, wakati huo ana miaka 25, alitabiri kwamba dola la Kisovieti lingeanguka. Hakuwa jasusi. Aliona, pamoja na dalili nyingine, kwamba vifo vya watoto wachanga vilikuwa vinapanda katika nchi iliyojisifu kwa afya, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 serikali ikaacha kabisa kuchapisha namba hizo. Baadaye wataalamu walibishana, na kwa haki, kwamba sehemu ya ongezeko lile ilitokana na jamhuri za Asia ya Kati, zilizokuwa ndani ya dola hilo, kuanza kuandikisha vizuri vifo vilivyokuwa vikifichika. Ubishi huo ni wa maana na nitaurudia. Lakini serikali inapoacha kutangaza watoto wake wanakufa wangapi, imekwisha sema kitu. Na dola lilipoanguka, wastani wa umri wa kuishi wa wanaume wa Urusi ulishuka kutoka kama miaka 64 mwaka 1990 hadi chini ya 58 mwaka 1994, bila vita kubwa ndani ya nchi. Pombe, moyo, kukata tamaa, kazi zilizofungwa. Mabenki yalikuwa yanaandika juu ya mageuzi ya soko.

Sasa umeuliza kama ni hesabu za wakubwa. Ngoja nikueleze zinatoka wapi, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Uingereza ina daftari la taifa la vizazi na vifo tangu 1837. Mtu akitaka kujua watoto wangapi walikufa mwaka fulani, anafungua kitabu. Huku kwetu hapakuwa na kitabu, na kwa kiasi kikubwa bado hakijajaa: utafiti wa 2015–16 ulikuta ni kama robo tu ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa. Mwaka 1948, sensa kubwa ilipofanyika Tanganyika, Kenya na Uganda, alikuja Nairobi kijana wa Kiskoti aitwaye William Brass, kufanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki. Kutokana na majibu ya akina mama wa huku, baadaye alitengeneza njia ambayo ilienea dunia nzima. Imejengwa juu ya maswali mawili ambayo hata mtoto wa darasa lako anaweza kuyauliza: Mama, umezaa watoto wangapi? Wangapi wako hai? Mama wa miaka 20 hadi 24, watoto wake ni wadogo, kwa hiyo sehemu ya watoto waliofariki kwa akina mama wa rika hilo inakaribia uwezekano wa mtoto kufa kabla ya miaka miwili. Ukienda kwa wa miaka 30 hadi 34, inakaribia uwezekano wa kufa kabla ya mitano. Ukayapanga marika, unapata picha ya vifo vya taifa lisilo na daftari. Siku hizi tunauliza kwa kirefu zaidi, mtoto mmoja mmoja, alizaliwa mwezi gani, yuko hai, kama hayuko aliishi kwa muda gani, na karani anaandika kwenye kishikwambi badala ya karatasi. Lakini shina ni lile lile.

Nakumbuka kijiji kimoja mkoani Dodoma, jua la saa nane, tumekaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Karani wangu, binti mwerevu sana, akamuuliza mama mwenye nyumba amezaa wangapi. "Wanne." Wote wako hai? "Wako hai wote, namshukuru Mungu." Karani akawa anakwenda swali linalofuata. Dodoso letu lina sehemu inayosema usikubali haraka: uliza kama kuna mtoto aliyelia, au kuonyesha dalili yoyote ya uhai, hata kwa muda mfupi, kisha akafariki. Nikamkumbusha kwa macho. Akauliza, taratibu. Yule mama akaanza kuchambua mchele uliokuwa kwenye ungo, ingawa ulikuwa umekwisha chambuliwa. Tukanyamaza. Baada ya muda akasema, "Wale wawili hawakukaa." Mmoja siku tatu, mwingine miezi minane. Mdogo hakuwahi hata kupewa jina. Walikuwa hawapo katika jibu lake la kwanza, na kama karani angekuwa na haraka wasingekuwapo katika takwimu za Tanzania.

Kwa hiyo siyo hesabu za wakubwa. Ni za akina mama waliokubali kuulizwa jambo ambalo hata marafiki zao wa karibu hawawaulizi. Na ubovu wake unaanzia hapo hapo. Karani mwenye haraka anashusha vifo vya nchi kwa kalamu yake. Karani makini anavipandisha, na mtu aliye mbali atasema hali imekuwa mbaya, kumbe tumeanza kusikiliza. Ndiyo hadithi ya Asia ya Kati niliyoitaja. Ukiona namba imeruka ghafla, uliza kwanza kama kilichobadilika ni maisha au ni uulizaji.

Mfano ulio karibu nasi ni vifo vya akina mama wajawazito na wanaojifungua. Utafiti wa 2015–16 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukatoa 104. Ilitangazwa kwa shangwe, nami nilifurahi. Lakini namba hii inapatikana kwa kuwauliza wanawake juu ya dada zao: yupi amefariki, na je, alikuwa mjamzito, anajifungua, au ametoka kujifungua? Hata ukiwauliza wanawake zaidi ya 15,000, dada waliofariki kwa uzazi ni wachache, na wachache wakiongezeka au kupungua kidogo tu, kiwango kinaruka sana. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa njia zao za kukadiria, yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Kwamba vifo vimepungua naweza kukuapia: wanawake wengi zaidi wanajifungulia vituoni, na vituo vya upasuaji vimeongezeka. Kwamba vimepungua mara tano ndani ya miaka saba, siapi.

Na kuna mahali ambapo hata ubishi wa namna hiyo ni anasa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mamilioni wanazungumza lugha hii tunayoandikiana, ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Walikuwa milioni 30 hivi. Leo tunasema wamepita milioni mia moja, na tunasema hivyo kwa kukadiria. Kila wastani wa dunia unaousikia redioni umeibeba Kongo ndani yake kwa makadirio, na ndiko ambako watu wameteseka kwa vita kwa karibu miaka thelathini. Wanaoteseka zaidi ndio wanaohesabiwa kidogo zaidi. Hili ndilo linalonikosesha usingizi katika kazi yangu, kuliko kosa lolote la hesabu.

Sasa niingie kwenye ule mgongano wako, kati ya anachosema mtaalamu na unachokiona mtaani. Mara nyingi nyote mna haki, ila yeye anasema sehemu, yaani asilimia, na wewe unasema idadi, yaani vichwa. Benki ya Dunia, kwa mstari wake wa zamani wa umaskini wa dola 1.90 kwa siku, ilikadiria kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara watu mafukara walikuwa asilimia 54 mwaka 1990, wakashuka hadi 41 mwaka 2015. Uzuri. Lakini kwa vichwa walikuwa milioni 278, wakawa milioni 413. Uchungu. Zote mbili ni kweli, kwa watu wale wale. Tanzania Bara pia: umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, huku idadi ya maskini ikipanda kutoka milioni 12 hivi hadi 14. Mtu akikupa asilimia peke yake, muulize vichwa. Akikupa vichwa peke yake, muulize asilimia. Kwa mizani yangu sehemu ndiyo inayosema kama nchi inaelekea pazuri, lakini njaa haisikiki kwa asilimia.

Wastani nao una mtego wake, na huu hata waliosoma unawanasa. Fikiria vijiji viwili vyenye watu elfu moja kila kimoja. Cha bondeni watu wanaishi miaka 50, cha mlimani miaka 80. Wastani wao ni 65. Miaka inapita, bondeni wanafika 55, mlimani 82. Kila kijiji kimepata nafuu. Lakini bondeni wamezaana hadi kufika elfu tatu, mlimani wamebaki elfu moja. Piga wastani sasa: miaka 61 na kitu. Umeshuka! Hakuna aliyeharibikiwa, ila wale wenye hali duni wamekuwa sehemu kubwa zaidi ya wote. Dunia inafanana na vijiji hivyo. Kinyume chake kipo pia: kupungua kwa ufukara duniani tangu 1990 kumebebwa kwa sehemu kubwa na China, na ukiiondoa China hadithi inapoa sana. Kwa hiyo mtu akisema "dunia", mimi huuliza dunia ipi.

Mstari wenyewe wa umaskini nao hausimami. Juni 2025 Benki ya Dunia iliuhamisha kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku, kutokana na bei mpya na mistari mipya ya nchi zenyewe. Kwa mwaka ule ule wa 2022, mafukara wa dunia wakatoka milioni 713 wakawa milioni 838. Watu milioni 125 waliingia ufukarani siku hiyo bila hata mmoja wao kupoteza sahani ya ugali. Siwalaumu waliofanya hivyo, sababu walikuwa nazo. Nakueleza ili ujue kwa nini naegemea kifo kuliko dola. Kifo hakina bei mpya.

Hata hivyo kifo hakinipi kila kitu. Mtoto kubaki hai si sawa na mtoto kukua vizuri. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni nafuu ukilinganisha na 42 ya mwaka 2010. Lakini tazama wapo wapi: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Mahindi yanatoka huko, viazi vinatoka huko, maparachichi yanapanda ndege kutoka huko. Sababu ni nyingi, na mojawapo naijua kwa macho: mama yuko shambani alfajiri hadi jioni, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba, anakula ugali na mboga ile ile. Ghala limejaa, mwili wa mtoto haujajaa. Huo ni ukweli ambao Pato la Taifa haliwezi kuuona, na vifo vya watoto haviuoni wote.

Na furaha? Kuna utafiti wa kila mwaka unaowaomba watu wafikirie ngazi yenye vidato kuanzia sifuri hadi kumi, juu kabisa ni maisha bora unayoweza kuyawaza, kisha waseme wamesimama wapi. Finland imekuwa ya kwanza kila mwaka tangu 2018. Tanzania imekaa miaka mingi karibu na mkiani. Sipuuzi utafiti huo, kwa sababu mtu mwenyewe ndiye shahidi wa maisha yake. Ila unajua sisi tunavyoulizana habari. Jibu ni "nzuri" hata kama kuna maiti ndani. Baada ya "nzuri" ndipo inakuja "ila". Mtu aliyelelewa hivyo, ukimpa ngazi na kumwambia achague kidato, sijui kama amekujibu hali yake, au adabu yake, au ndoto yake ya maisha ya mwingine aliyemwona kwenye simu. Ningemuuliza amekula nini jana.

Kwa hiyo bei zinazopaa na vijana wasio na kazi hawapingani na wale watoto kumi wa darasani kwako. Mtoto anaweza kunusurika kwa chandarua, kwa chanjo ya surua, kwa dawa mseto, vitu vya bei ndogo vilivyofika hadi zahanati ya mwisho, huku baba yake akiwa bado hana kazi. Kuokoa uhai kumekuwa rahisi kuliko kutoa ajira. Mtaalamu wako wa redioni alisema kweli kuhusu la kwanza, na angetenda haki angekutajia la pili. Mimi ukiniuliza kama binadamu wana hali bora kuliko mwaka 1990, nitasema ndiyo bila kusita, kwa sababu ya watoto milioni saba na zaidi kila mwaka ambao mama zao hawawalilii. Ukiniuliza kama wana hali nzuri, nitakuonyesha Iringa.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, ripoti za tafiti hizi za afya zinapatikana bure kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Usianze na ukurasa wa taifa. Nenda kwenye majedwali ya mikoa, tafuta Tanga, linganisha na jirani zako, kisha tazama waliosoma na wasiosoma, wa mjini na wa kijijini. Na ukienda kumsalimia mama yako, au bibi yako kama yungali hai, mkiwa wawili tu, muulize yale maswali mawili. Amezaa wangapi. Wangapi wako hai. Akishajibu, usiinuke. Mpe nafasi ya kunyamaza.